Kidole kilipita

Tulikuwa kivulini tukisubiri kivuko cha Msangamkuu. Saa nane mchana, jua la utosini, mama mmoja pembeni yetu na beseni lake la pweza, na binamu yangu na simu yake mkononi kama kawaida. Nikamwambia: fungua Steam, lile duka la magemu la mtandaoni, nenda kwenye magemu ya kutisha yanayotarajiwa kutoka, tafuta langu. Sikumwambia liko la ngapi. Nilitaka tu nimwone akilikuta.

Akaanza kupandisha kwa dole gumba. Giza. Uso. Damu. Mlango. Uso tena. Nikaliona langu likichungulia chini ya skrini, likapanda, likafika katikati, likazidi kupanda, likatokea juu likapotea.

Hakusimama.

Huyu binamu amelicheza Dungu, gemu langu la kulinda shamba usiku ukiwa juu ya dungu, lile jukwaa la nguzo, tangu halina sauti. Ndiye aliyegundua kwamba ukipiga debe mara tatu za haraka, nguruwe wanakwama kwenye ua na kutetemeka kama wamepigwa shoti. Nguzo za lile dungu anazijua kuliko mimi niliyezisimamisha. Na kidole chake kikapita juu ya kava nililolichora kwa siku kumi na tisa, kama kinavyopita juu ya matangazo ya mikopo.

"Mbona silioni?"

"Umelipita. Rudi."

Akarudi. Akalipita kwa mara ya pili, safari hii kinyumenyume.

Kivuko kilipokuja tukapanda pamoja na watu na baiskeli na magunia yao, nikaegemea ukingoni, na mpaka tunagusa ng'ambo sikuwa nimesema neno. Binamu akadhani bahari imenishika.

## Kwenye skrini kubwa lilikuwa zuri

Kwenye skrini ya inchi 24 lile kava ni zuri, na bado nasimama kwenye maneno hayo. Lilikuwa na shamba zima la mahindi yaliyokomaa, jani moja moja. Lilikuwa na dungu, na mlinzi juu yake, na mwanga wa tochi unaokata ukungu. Kwenye nyasi kulikuwa na simba, nusu yake tu, macho yanawaka. Juu, mwezi mpevu mkubwa kama sinia la pilau. Jina la gemu nililiandika kwa herufi zinazochuruzika damu, maana niliamini gemu la kutisha lisipochuruzika watu hawatalitambua.

Shida ni kwamba hakuna anayelikuta kwa inchi 24.

Steam wanataka sura hiyohiyo kwa vipimo vingi. Picha ya kichwa cha ukurasa ni pikseli 920 kwa 430. Ile kubwa ni 1232 kwa 706. Ya kusimama ni 748 kwa 896. Ndogo ni 462 kwa 174, na hiyo ndogo mfumo wao unaipunguza tena wenyewe, mpaka 184 kwa 69, mpaka 120 kwa 45. Nilivijua vipimo hivyo tangu nilipolipa dola 100 za kuliingiza gemu dukani. Nilivitimiza vyote, nikapakia, nikalala usingizi mnono. Sikuwahi hata siku moja kukaa na ile ya 120 kwa 45 nikaitazama kama mtu asiyenijua.

Usiku wa siku ile ya kivuko nilikaa nayo.

Mlinzi wangu alikuwa na pikseli nne. Tochi ilikuwa na moja. Simba hakuwepo kabisa, ameyeyuka kwenye mahindi, na mahindi yenyewe yameyeyuka kwenye anga. Ile damu ilikuwa imeyafanya maandishi yaonekane kama daftari lililomwagikiwa chai. Nikaondoa rangi zote kwenye Krita, programu yangu ya kuchorea, nikabakiza kijivu, na hapo ndipo nilipoona ugonjwa ulipo: anga, majani, mtu na mnyama, vyote vina uzito mmoja wa mwanga. Uji wa ulezi.

Kitu kimoja tu kilionekana bila taabu. Mwezi. Nitaurudia.

Kuna na la pili, nililichelewa kuliona. Ukurasa wa Steam wenyewe ni wa giza, weusi unaoelekea buluu. Kava jeusi juu yake halina mipaka, linazama tu kama jiwe kwenye kisima. Halafu pitia magemu ya kutisha yote yaliyopangwa pale: kila mtu amechora usiku, kila mtu ametia wekundu. Mimi nilichora usiku kwa sababu gemu ni la usiku. Hoja hiyo ina mantiki mpaka umkumbuke binamu pale kivukoni. Anayecheza ameshazima taa, amevaa hedifoni, macho yamezoea giza. Anayepita dukani yuko juani, na kioo cha simu yake kimejaa alama za vidole vyenye mafuta ya pweza. Giza langu lote lile nililolipaka kwa uangalifu, kwake lilikuwa kioo kinachomwonesha uso wake mwenyewe.

## Weka sura

Nikapeleka kilio changu kwenye kundi letu la WhatsApp la watengeneza magemu. Jibu likaja haraka, na lilikuwa moja: weka sura. Sura inasimamisha kidole. Ni kweli, hata mtoto mchanga anakuonesha hilo, jicho la mtu linatafuta macho mengine kabla ya kitu chochote. Kisha jamaa mmoja wa Dar akaongeza: "Wewe si uko Mtwara? Nyie si ndio wenye vinyago?"

Niseme ukweli. Sikuchukia. Nilifurahi kama mtu aliyekumbushwa kwamba kuna hela aliisahau kwenye suruali.

Nikatafuta picha za mapiko, vile vinyago vya Wamakonde vya kuvaa kwenye ngoma. Zilizokuwa safi, zinazofaa kuchorea, nyingi zilipigwa kwenye makumbusho ya Ulaya, na mimi niko mwendo wa mguu tu kutoka kwa watu wanaoyajua. Nikacheka kidogo, nikaendelea. Nikachora lipiko linalojaza fremu nzima: ule mti mwepesi uliochongwa uvaliwe kichwani kama kofia, chale mashavuni, nywele za mtu zilizobandikwa kwa nta, mdomo wazi kidogo. Nikaliwashia mwanga kutoka chini, kama kibatari kimeshikwa kidevuni. Nyuma nikapaka wekundu wa kutu. Siku nne tu, kazi imekwisha.

Kwa 120 kwa 45 ulikuwa unaona vitu vitatu: jicho, jicho, mdomo. Kwa kijivu lilisimama lenyewe. Nikalipachika katikati ya makava mengine kumi na mawili, nikampa binamu simu, na kidole kikasimama kabla hata kava halijamaliza kuingia kwenye skrini.

Lilifanya kazi.

Ndiyo maana nimekaa nalo rohoni wiki saba. Lingekuwa baya ningelifuta siku ileile na makala hii isingekuwepo.

## "Nauliza ni nani"

Mjomba wangu, kaka yake mama, anachonga mpingo chini ya mwembe kando ya barabara. Ninyi wa huku mnajua mjomba ni nani kwa Mmakonde, ukoo ukipita kwa mama, kwa hiyo sina haja ya kueleza kwa nini sikuweza kulipandisha kava lile Steam kabla yeye hajaliona. Tunaitana mjomba sisi wote wawili, yeye kwangu na mimi kwake, jambo linalowachanganya wateja wake.

Mjomba ana tabia moja. Kinyago kikishakaribia kukamilika anakisimamisha juu ya gogo, kisha anavuka barabara anakwenda kukitazama kutoka ng'ambo, mikono nyuma. Siku moja zamani nilimuuliza anatafuta nini kule. "Mzungu yuko ndani ya gari," akasema, "na gari halisimami. Anaona nini?" Akiona kinyago chake kimekuwa bonge tu, anarudi na tezo, anakifungua mahali, chini ya kwapa au kati ya miguu, mwanga upite. Miaka yote hiyo nimekaa kwenye kigoda pale pale, halafu nikaja kujifunzia habari za kijipicha mtandaoni, kwa bando langu mwenyewe.

Nikampa simu. Akaisogeza mbali mpaka mkono ukanyooka, maana macho yake siku hizi yanataka umbali.

"Huyu nani?"

"Lipiko, mjomba."

"Naona ni lipiko. Nauliza ni nani."

Sikuwa na jibu. Lipiko linapotoka kucheza huwa limetoka mtu fulani: mzee, bibi mwenye ndonya, mgeni wa mbali aliyewahi kupita wakamcheka. Watazamaji wanamjua aliyetoka, ingawa aliyemo ndani hawatakiwi kumjua. Langu nililiunganisha kutoka picha tatu za makumbusho mawili. Pua ya mmoja, chale za mwingine. Halikuwa mtu yeyote.

"Na huko shambani usiku anafanya nini? Jando limekwisha?"

Nikajitetea: mjomba, ni picha tu ya kutisha, ya kuuzia. Na nilikuwa na jiwe langu la akiba mfukoni. Ningemwambia, mbona nanyi mnawauzia wageni vinyago vya mashetani? Kwani mtindo wa shetani ulitoka wapi? Ni wa miaka ya 1950, jina linalotajwa ni Samaki Likankoa, na nyuma yake alikuwepo mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Mohamed Peera, aliyezipenda kazi hizo na kuzitafutia wateja. Kuchonga hofu kwa ajili ya mteja wa mbali ni biashara yenye umri kumzidi mama yangu. Mimi na lipiko langu tumesimama kwenye foleni ileile, ila tumekuja na pikseli.

Hotuba nzuri. Haikutoka mdomoni.

"Shetani nitakuchongea hata kesho," mjomba akasema, akiokota msasa wake. "Lenye macho matano, ukitaka. Hilo ni la kuuza, halina mwenyewe. Hili usiniulize mimi."

Akaendelea kusugua. Mjomba akikasirika hupiga kelele mtaa mzima ukasikia, na hilo nimelizoea tangu utoto. Huku kunyamaza sikukuzoea.

## Wiki mbili za ujanja

Sikuliondoa, na sikulipandisha. Nilifanya kile anachofanya mwoga mwenye laptopu. Kwenye Steam nikaliacha lile la zamani lililozama, na lipiko nikaliweka kwenye demo yangu ya itch.io, soko jingine la magemu la mtandaoni, ambako kava ni 630 kwa 500 na nilijiambia pale ni uwanja wa majaribio. Watu wakabofya. Wakapakua. Zilikuwa siku zangu bora tangu nianze kutengeneza magemu, na kila nilipopita karibu na ule mwembe nilikuwa natazama upande wa pili.

Kisha mchezaji mmoja akaniandikia. Kwa adabu kabisa akasema amelimaliza demo mara mbili na kile kinyago hajakutana nacho. Je, kuna mlango wa siri?

Hakuna mlango wa siri. Hakuna mlango wowote. Ni shamba.

Sasa sikieni nilichofanya, na hapa ndipo aibu yenyewe ilipo. Badala ya kubadilisha kava, nikaamua kubadilisha gemu. Nilianza alasiri, adhana ya magharibi ikanikuta nimejikunja kwenye kompyuta ya mezani, naunda umbo la lipiko kwenye programu ya Blender. Mpango ulikuwa litokee kwenye mstari wa nane wa mahindi, wakati mchezaji ameshuka kuchukua mafuta ya kibatari. Gemu nililolihangaikia miaka miwili, ambalo halina sura hata moja kwa makusudi, nilikuwa nalitia sura ili picha ya mlangoni isionekane ya uongo. Nikalijaribu ndani ya Godot, programu ninayoundia gemu. Likanirusha kwenye kiti mimi mwenyewe niliyeliweka.

Nikasema, haya, gemu limeongezeka utamu.

Umeme ukakatika. Betri ya akiba ilikufa zamani, na sikuwa nimehifadhi kitu.

## Giza la kwanza

Nikatoka barazani. Mtaa mzima kimya, giza la kukufanya utangulize mkono. Ilikuwa kama saa moja na nusu, na giza lile likanishangaza, kwa sababu juzi yake tu mwezi ulikuwa mpevu na watoto walicheza nje mpaka wakaitwa kwa fimbo. Nikautafuta mwezi. Haupo. Nikakaa. Ulikuja kuchomoza karibu saa mbili, mwekundu, umelika kidogo upande.

Nikamkumbuka bibi mzaa baba, kule Lindi vijijini. Amelinda shamba misimu mingi kuliko niliyoweza kumhesabia, na alikuwa na kanuni yake. Siku ya mwezi mpevu hakuna haraka, jua linazama na mwezi huo unatoka, mnapokezana mwanga. Siku zinazofuata ndizo za kuwahi kupanda dunguni. Kila siku mwezi unachelewa kama dakika hamsini hivi, na kati ya jua kuzama na mwezi kutoka linabaki pengo. Yeye aliliita giza la kwanza. Kulikuwa na jina la jirani yake mmoja ambalo hakulitamka baada ya magharibi. Sikuwahi kuambiwa kwa nini, na nilipokua sikuhitaji kuambiwa.

Watafiti nao wamepita njia hiyo. Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake walichapisha hesabu kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 560 Tanzania. Lindi na Mtwara ni miongoni mwa mikoa iliyoumia. Msimu wa mavuno ndio mbaya: nguruwe pori wanaingia mashambani, watu wanakwenda kulala huko kuwazuia, na simba wanawafuata nguruwe. Mwaka 2011 wakarudi na habari za mwezi. Mashambulizi yanapanda katika siku zinazofuata mwezi mpevu, saa za mwanzo za usiku, kabla mwezi haujatoka. Bibi hakuwa na jarida, alikuwa na debe.

Nimewahi kujiuliza kama ninayo haki ya kulifanya hili kuwa mchezo. Bado najiuliza. Ila gemu lenyewe angalau lilikuwa linasema kweli. Mnaolicheza mnajua: saa inaanza jua likizama, unapiga debe, unalinda mafuta, unahesabu, na mwezi ukichomoza umepona. Mwezi ndio mwisho. Mwezi ndio ushindi.

Na kwenye kava la kwanza nilichora mwezi. Mkubwa, juu ya kila kitu, kitu pekee kinachoonekana kwa pikseli 120.

Nilikuwa nimewachorea watu mahali wanapopona.

Nilicheka peke yangu pale gizani mpaka jirani akauliza kama kuna usalama. Kava la uji na kava la lipiko, nilivyodhani, yalikuwa makosa mawili tofauti, moja la ufundi na jingine la adabu. Barazani pale nikaona ni kosa moja. Yote mawili niliyachora nikitazama makava ya watu wengine. Mwezi niliutoa huko, damu niliitoa huko, sura niliitoa huko. Kwenye gemu langu mwenyewe sikuwa nimeingia hata mara moja kutafuta kava.

## Anga la samli

Pengo lile lina rangi yake. Nilipanda kilima cha nyuma ya Mikindani jioni tatu mfululizo kuitazama upande wa bara, nikiwa na daftari na dawa ya mbu. Jua likishazama, chini kabisa unabaki mstari wa rangi ya samli. Juu yake kuna kijani ambacho huwezi kukiapia mbele ya hakimu. Juu yake buluu nzito. Vinadumu muda mfupi, kisha vyote vinafunga pamoja. Ule mstari wa samli ndio uliokuwa unatafutwa siku zote hizo: unakata weusi wa ukurasa wa Steam, kava linapata mipaka, na chochote cheusi kikisimama mbele yake kinaonekana, hata kwa kijivu, hata juani kivukoni.

Nikasimamisha dungu mbele yake. Jeusi tupu: jukwaa, paa la nyasi, nguzo, ngazi. Simba nikamtoa. Mlinzi nikamtoa. Kibatari nilikitoa, nikakirudisha, nikakitoa tena, kwa siku mbili nzima. Kinapendeza, lakini kila jicho linakimbilia taa, na mimi nilitaka jicho literemke chini, kwenye miguu ya dungu.

Jina nimelikata kwa wembe kwenye boksi la katoni, herufi tano nene, nikazipiga picha dirishani. Hakuna kinachochuruzika. Kwenye ile ndogo ya 462 kwa 174 jina limejaa karibu fremu yote, na nyuma yake kimebaki kipande cha paa na samli. Ile ndogo lazima uichore upya, usiipunguze tu kutoka kwenye kubwa, na laiti ningelijua hili zile siku kumi na tisa. Kwenye vipimo vya katikati nguzo zenye wembamba wake wa kweli zilikuwa zinapotea, nikazinenepesha. Maneno mengine hayaruhusiwi: tangu Septemba 1, 2022 Steam wanakubali mchoro, jina na jina dogo rasmi la gemu tu, hakuna nyota, hakuna tuzo, hakuna matangazo ya punguzo. Kwangu ni sheria nyepesi kuifuata. Sina tuzo.

Binamu nikamstaafisha. Ameshaona kila hatua, hafai tena kupima. Nikampa simu kinyozi wangu, kijana asiyejua kama mimi nachora. Akashuka, akashuka, akasimama palepale. Moyo ukanidunda.

"Hiki kitanda, au?"

Nikarudi nyumbani, nikainua paa, nikarefusha ngazi.

Na nguzo. Nilikuwa nageuza mchoro kama kwenye kioo ili nione kama dungu limelala upande mmoja, jambo ambalo kila mchoraji hulifanya, na nikasahau kufuta nakala ya nguzo moja. Asubuhi nikakuta dungu langu lina nguzo tano. Nikachukua kifutio.

Nikakirudisha.

Mnaolicheza mmeshaelewa. Kwenye Dungu hakuna kinachokurukia. Ukishuka kuchukua mafuta unahesabu nguzo, ukirudi unahesabu tena, na hesabu ikikataa hupandi. Wazee wa Lindi wanazo habari zao za simba wa kutumwa, simba ambaye mchana ni mtu. Sikuzitia sura ndani ya gemu na sitazitia. Nimeziacha kwenye hesabu. Basi ile nguzo ya bahati mbaya nikaipunguza unene kidogo, nikaifupisha isiguse sakafu ya jukwaa kwa upana wa kidole, nikaiacha isimame na wenzake.

Mashaka ninayo. Kwa 120 kwa 45 nguzo ya tano haipo kabisa. Kidole kinasimama kwa ajili ya samli, na yeye anaanza kazi baadaye, mtu akishaingia, na hata hapo wengi hawatahesabu. Kwa kubofya, lipiko liko mbele mpaka leo. Takwimu za itch.io zimeniambia hivyo bila huruma, na jamaa wa Dar ananikumbusha kila wiki. Simjibu vizuri. Nimembadilishia tu mada na kumuuliza korosho huko wanauza bei gani.

Lakini yule mchezaji aliyeulizia mlango wa siri nilimwandikia nikamtumia kava jipya. Akajibu neno moja tu, baada ya siku mbili: "Tano?"

## Ng'ambo ya barabara

Jumamosi nikaenda mwembeni. Shikamoo, marahaba, habari za mama, mama mzima. Mjomba hakuuliza lipiko liliishia wapi na mimi sikumwambia kwamba nimeshalitoa kila mahali. Nikamnyooshea simu. Hakuipokea.

"Vuka," akasema.

Nikavuka. Nikasimama ng'ambo nimeinua simu juu ya kichwa, mwanga wote umefunguliwa, kama mtu anayetafuta mtandao, bodaboda wananipigia honi. Mjomba amekaa kwenye gogo lake, amekunja uso.

"Naona jua limezama," akapaza sauti. "Na dungu. Njoo."

Nikarudi. Akaichukua, akaipeleka mbali kwa mkono ulionyooka, akatulia. Kisha akafanya jambo ambalo kwa lipiko hakulifanya: akaileta karibu, karibu kabisa, mpaka anga la samli likamwakia kwenye ndevu. Ukucha wake wa kidole cha shahada una ufa wa zamani wa tezo. Akauweka kwenye kioo, picha ikakimbia. Nikairudisha, nikamwonesha aelekeze bila kugusa.

"Moja," akasema. "Mbili. Tatu. Nne."

Ukucha ukabaki hewani.

"Mjomba. Hili dungu kalijenga nani?"

Sikujibu. Akaurudisha ukucha kwenye nguzo ya kwanza, akaanza kuhesabu upya.